Nina kikao cha kwanza na msimamizi mtarajiwa wa uzamivu. Nijiandae vipi?

Mwanzo_Mgumu

Habari zenu wakuu. Nilimwandikia profesa mmoja kumwomba anisimamie shahada ya uzamivu (PhD). Amejibu kwamba mada inamvutia na amenipa nusu saa ya mazungumzo kwa video, wiki mbili kuanzia leo. Bado sijaomba nafasi rasmi chuoni na sina ufadhili. Mada yangu ni watoto wanaofundishwa kusoma kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani. Nimeishia hapo, swali lenyewe la utafiti bado sijalipata.

Naomba wenye uzoefu wa kusimamia au kusimamiwa mnieleze kwa undani. Nisome nini kabla ya siku hiyo, na kwa kiasi gani? Nitume andiko la utafiti au nisitume? Ataniuliza nini, na mimi nimuulize nini bila kuonekana msumbufu? Tena, kikao hiki nikichukulie kama usaili au ni mazungumzo tu?

Bi_Rejea

Karibu ndugu. Naanza na hilo la mwisho kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Ni usaili, lakini wa pande mbili. Yeye anapima kama una swali linalofanyika na kumalizika, na kama ukipingwa hununi wala hukubali kila kitu. Wewe unapima kama utaweza kufanya kazi chini yake kwa miaka 3, 4 au zaidi. Anayekwenda kwa nia ya kupendwa tu hutoka bila taarifa yoyote ya kumsaidia kuamua.

Kwenye usomaji, usijaribu kumaliza kila alichoandika. Tafuta orodha ya makala zake za miaka 5 iliyopita. Anza na ukurasa wake wa chuo au wa ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti yenye orodha ya kazi zake), kwa sababu Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, mara nyingine huchanganya kazi za watu wenye majina yanayofanana, na hakuna aibu kama kusifia makala ya mtu mwingine. Chagua 3: moja ambayo yeye ndiye mwandishi wa kwanza, moja aliyoandika na mwanafunzi wake, na moja ya karibuni kabisa hata kama haigusi mada yako. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokuonyesha anakoelekea. Wengi humfuata profesa kwa sababu ya kazi ya zamani ambayo mwenyewe ameshaihama.

Angalia pia mpangilio wa majina ya waandishi, ila usiuamini bila kujua desturi ya taaluma husika. Katika sayansi nyingi za maabara jina la mwisho huwa la kiongozi wa kundi. Katika hisabati na uchumi majina mara nyingi hupangwa kialfabeti, hivyo nafasi ya jina haikuambii nani alifanya nini.

Kwa kila makala andika nusu ukurasa: swali lilikuwa nini, data ilitoka wapi na ilikuwa kiasi gani, mbinu ipi ilitumika, kilipatikana nini, na nini hakikujibiwa. Sehemu ya mipaka ya utafiti isome mara mbili. Humo ndimo mwandishi anapokiri kwa maneno yake mwenyewe kilichobaki, na swali lako likichipuka humo, huhitaji kumshawishi kwamba lina maana.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mwombaji huiruka, nayo ni tasnifu za wanafunzi wake. Vyuo vingi huziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni na unaweza kutafuta kwa jina la msimamizi. Fungua 2. Pitia ukurasa wa shukrani, yaliyomo na sura ya mbinu. Utaona ukubwa halisi wa kazi anayoikubali, mbinu anazozimudu, na kama wanafunzi wake wamechapisha chochote kutokana na tasnifu zao. Ukikuta zote ni za takwimu na wewe unataka kukaa darasani kuangalia na kusikiliza, hilo ni la kuzungumza siku hiyo hiyo, usingoje mwaka wa pili.

Mzee_wa_Andiko

Bi Rejea amemaliza upande wa kusoma. Mimi nashika andiko.

Tuma, lakini ukurasa mmoja. Maneno 400 hadi 500, herufi za ukubwa wa 11, faili la PDF lenye jina lako na neno linaloonyesha mada. Lifike siku 3 hadi 5 za kazi kabla ya kikao. Ukilituma usiku wa kuamkia kikao, hatalisoma, na utapoteza dakika 10 ukieleza kilichoandikwa. Ukituma kurasa 15 atasoma ya kwanza, na hutajua ameishia wapi.

Ukurasa wenyewe uwe na kichwa cha muda, kisha tatizo kwa maneno kama 80. Baada ya hapo kinachojulikana tayari, maneno 120 hivi, ukitaja kazi 4 au 5 tu ulizozisoma kweli. Swali kuu liwe moja, na maswali madogo yasizidi 2. Kisha eleza utafanyaje: nani au nini utachunguza, wangapi kwa makadirio, utapima kwa chombo gani, utachambua vipi. Malizia na sentensi 2 au 3 za uwezekano, yaani utaipataje data na nani anatoa ruhusa. Sehemu hii ya mwisho watu huiacha, na ndiyo msimamizi mzoefu huitazama kwanza, kwa sababu tafiti nyingi hukwama kwenye ruhusa na data hata pale wazo linapokuwa zuri.

Marejeo yahakiki moja moja kwa kuyafungua mwenyewe. Programu za akili bandia hubuni makala zisizokuwepo, zikiwa na majina ya waandishi na mwaka, na mtu aliyebobea kwenye eneo lake hulitambua rejeo la uongo kwa kulitupia jicho tu.

Mada yako bado ni pana mno. "Watoto wanaofundishwa kusoma kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani" ni eneo zima la utafiti. Iminye kwa maswali manne: watoto wa hatua gani, kusoma kwa maana ipi (kutambua herufi, kasi, au kuelewa), ukilinganisha na nani, na unashuku sababu gani. Jaribu kuandika sentensi moja utuletee hapa.

Koti_Jeupe

Naheshimu alichosema Mzee, lakini hakiwafai wote. Kwenye taaluma za maabara na nafasi nyingi zinazolipwa na mradi, swali limeshaandikwa na fedha zimeshatolewa kwa ajili ya swali hilo. Ukienda na andiko lako mwenyewe unaonyesha hukusoma tangazo. Huko ukurasa mmoja unabadilika: unaeleza unavyouelewa mradi wao, sehemu gani ungeanzia, na vyombo au mbinu gani umewahi kuvitumia kwa mikono yako. "Naifahamu R" (programu ya kuchambua takwimu) haitoshi. Sema umefanya uchambuzi gani, kwa data ya ukubwa gani, na kama msimbo upo mahali wanapoweza kuuona.

Kwa muuliza swali, ambaye ni wa elimu na lugha na hana tangazo la mradi, fuata ya Mzee. Ila muulize profesa mapema kwenye kikao: je, ana mradi unaoendelea ambao swali lako linaweza kuingia ndani yake? Mradi wenye data tayari unaweza kukuokolea muda mwingi wa kukusanya. Gharama yake ni uhuru, kwa kuwa utafanya kazi na vipimo ambavyo hukuvichagua.

Mwanzo_Mgumu

Asanteni sana. Nimejaribu: "Je, kufundishwa kusoma kwa lugha ya pili kunaathiri vipi ufaulu wa watoto shuleni?"

Mzee_wa_Andiko

Bado. "Kunaathiri vipi" inadai uthibitishe sababu na matokeo, na hapo lazima uwe na makundi yanayolingana kwa kila kitu isipokuwa lugha ya kufundishia. Makundi hayo ni shida kuyapata, maana wanaofundishwa kwa lugha ya nyumbani mara nyingi hutofautiana na wenzao kwa kipato, walimu na vitabu. "Ufaulu" nao ni masomo yote kwa pamoja. Hizo ni tasnifu tatu ndani ya swali moja.

Linganisha na hili: "Miongoni mwa watoto wa mwaka wa pili wa kusoma ambao lugha ya darasani si ya nyumbani, ni kwa kiasi gani msamiati wa kusikiliza katika lugha ya darasani unaeleza tofauti za kuelewa wanachosoma, baada ya kuzingatia uwezo wao wa kutamka maandishi?" Hapa anajulikana mtoto, vinajulikana vipimo vitatu, na linajulikana jambo unaloshuku: kwamba mtoto anaweza kuyatamka maneno sawasawa na asielewe kwa kuwa hayamo kichwani mwake. Si lazima ulichukue hili. Nakuonyesha kiwango cha kuminya.

Jihadhari na mtego mmoja wa eneo lako. Kasi ya kusoma hupimwa kwa idadi ya maneno sahihi kwa dakika. Maneno ya lugha moja yanaweza kuwa marefu na kubeba viambishi vingi kuliko ya lugha nyingine, kwa hiyo idadi hizo hazilinganishwi moja kwa moja kati ya lugha mbili. Ukiandika utalinganisha bila kueleza utalishughulikia vipi hilo, tegemea liwe swali lake la kwanza.

Dakika_Thelathini

Tuje kwenye kikao chenyewe. Nusu saa ni fupi kuliko unavyodhani. Salamu na kuwekana sawa huchukua dakika 3, maelezo yako 2, maswali yake 12 hadi 15, yako 7 hivi, na za mwisho ni za kukubaliana kinachofuata. Maswali yako usiyaache hadi aseme "una swali lolote?" zikiwa zimebaki dakika 2. Mwanzoni kabisa mwambie kwa heshima: "Nina maswali matatu ambayo ningependa tuyafikie kabla ya kumaliza." Hakuna profesa atakayechukia hilo.

Maelezo ya dakika 2 ni maneno 200 hadi 250. Yaandike, yaseme kwa sauti huku ukijipima kwa saa, kisha uweke karatasi kando. Yawe na mpangilio huu: wewe ni nani kwa sentensi moja, tatizo, swali, utafanyaje, na kwa nini umemjia yeye. Historia ya maisha yako tangu shule ya msingi haina nafasi hapo.

Maswali atakayouliza yanatabirika. Kwa nini mada hii? Nani mwingine analifanyia kazi na wewe unatofautianaje naye? Ukikosa ruhusa ya kuingia shuleni utafanya nini? Umeshachambua data ya aina hii? Utafanya muda wote au nusu muda? Utajilipiaje? Na lile linalowaangusha wengi: "Matokeo yakija kinyume na unavyotarajia, tasnifu itakuwa bado na thamani?" Jibu linatakiwa liwe ndiyo, na ueleze kwa nini. Kama thamani ya kazi yako inategemea jibu la aina moja tu, swali linahitaji kutengenezwa upya.

Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, kisha sema ungekitafutaje: "Sijasoma kuhusu kipimo hicho. Ningeanza kwa kuangalia kama kimehakikiwa kwa watoto wa lugha mbili." Jibu la kubahatisha hugundulika kwa swali la pili. Akikupinga, andika alichosema na umuulize swali moja la kufafanua kabla hujajitetea. Anajaribu kuona mtakavyozungumza juu ya rasimu zako.

Ufadhili: sema ukweli wote. Taja unakoomba, tarehe za mwisho za maombi, na ambacho bado huna. Muulize kama idara ina nafasi zinazolipwa na huombwa lini, maana mara nyingi dirisha la ufadhili hufungwa miezi kadhaa kabla ya lile la kujiunga.

Kuhusu muda, andika saa kwa mfumo wa 24 pamoja na ukanda wake, kwa mfano 14:00 UTC. "Saa nane" ya kwetu na "saa nane" ya anayesoma saa kwa namna nyingine zina tofauti ya saa 6. Kama yuko Ulaya au Marekani na kikao kiko Machi, Oktoba au Novemba, hakiki tena siku moja kabla. Nchi nyingi za Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, ilhali sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna wiki ambazo tofauti uliyoizoea haipo. Ijaribu programu ya video siku iliyotangulia kwa kifaa hicho hicho. Weka simu yenye bando kama akiba ya intaneti, na uwe na barua pepe yake wazi ili ukikatika umjulishe ndani ya dakika moja.

Bi_Rejea

Naongeza ya kumuuliza, kwa sababu hapa watu huingiwa na woga. Sheria yangu ni rahisi: usiulize kilichomo kwenye tovuti ya chuo, uliza kile ambacho yeye tu anakijua. Tukutane mara ngapi mwaka wa kwanza, na mara ngapi wakati wa kuandika? Rasimu ya sura moja huirudisha baada ya muda gani? Ana wanafunzi wangapi sasa? Nani atakuwa msimamizi wa pili, na wanagawanaje kazi? Ana mpango wa likizo ya utafiti, kuhama au kustaafu katika miaka 4 ijayo? Hilo la mwisho liulize kwa upole, lakini liulize. Msimamizi akiondoka katikati, unaweza kukabidhiwa kwa mtu asiyejua mada yako.

Suala la majina kwenye makala lizungumzeni mapema pia. Unaweza kuuliza hivi: "Kwa kawaida wewe na wanafunzi wako mnaamuaje nani awe mwandishi wa kwanza?" Swali hilo halimtuhumu mtu. Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo 4 vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: mchango wa maana kwenye utafiti, kushiriki kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi nzima, vyote kwa pamoja. Taaluma nyingine zina desturi zao. Unachotafuta ni kama ana jibu. Anayesema "tutaona mbele" kwa hilo, kwa ratiba ya vikao, na kwa muda wa kurudisha rasimu pia, amekujibu.

Kisha omba kuzungumza na wanafunzi wake 2, mmoja wa sasa na mmoja aliyemaliza. Akiwa na sababu nzuri ya kusubiri hadi upate nafasi, sawa. Akikataa kabisa, liweke akilini. Ukiwapata, usiwaulize kama ni mtu mzuri, kwa kuwa watasema ndiyo. Waulize rasimu ya mwisho ilirudi baada ya siku ngapi, maoni yalikuwa ya aina gani, nini hutokea mwanafunzi anapochelewa, na wangependa wangejua nini kabla ya kuanza. Mazungumzo ya sauti hutoa mengi kuliko ujumbe wa maandishi, kwani watu huogopa kuandika.

Mwanzo_Mgumu

Hili limenifungua macho. Swali la mwisho jamani: akisema "nitakusimamia", nimemaliza?

Koti_Jeupe

Hapana. Neno lake ni nusu tu. Kuna maombi rasmi, kamati ya idara, vyeti, pengine mtihani wa lugha na barua za wadhamini, yaani watu wanaokufahamu kitaaluma na kukupendekeza. Waandae wadhamini sasa, wanahitaji angalau wiki 3.

Dakika_Thelathini

Na usiondoke kwenye kikao bila kujua hatua inayofuata ni ipi, ya nani, na kabla ya tarehe gani. Ndani ya saa 24 mwandikie barua pepe ya maneno yasiyozidi 150: shukrani kwa sentensi moja, mambo 2 au 3 mliyokubaliana, utakachomtumia na siku utakayomtumia. Barua hiyo ndiyo kumbukumbu yenu wote wawili, na kama mmoja alielewa vibaya itasahihishwa mapema. Mfano: "Tulikubaliana nipunguze swali libaki kwenye kuelewa peke yake, na nisome kazi mbili ulizozitaja. Nitakutumia ukurasa uliorekebishwa Ijumaa ya wiki ijayo." Halafu utume Ijumaa hiyo, hata kama haujakamilika unavyotaka.

Asipojibu, subiri siku 10 za kazi, mkumbushe mara moja kwa kujibu barua ile ile ili historia yote ibaki chini yake. Kimya kikiendelea baada ya wiki nyingine 2, mwandikie mtu wa pili kwenye orodha yako, kwa ukurasa ulioandikwa upya kwa ajili yake. Usibadilishe jina tu.